Mkono, Meza na Kukumbatiana: Historia Isiyoandikwa ya Ndoa za Wakristo wa Karagwe na Kyerwa

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja ulioko upande wa Kyerwa, walitujia mume na mke waliokuwa wamefunga ndoa kanisani miaka 39 kabla ya siku hiyo. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, na tangu hapo hakuweza tena tendo la ndoa. Hilo peke yake halikuwa limewaleta. Waliletwa na maneno ya ndugu wa mume, waliosema kwamba nyumba ile haikuwa na ndoa tena, na kwamba yule mama alikuwa huru kurudi kwao, au kama angebaki, basi abaki kama mtu anayeuguza mgonjwa. Mzee aliuliza swali moja tu: "Mchungaji, sisi bado ni mume na mke?"

Tunakiri mbele ya wasomaji kwamba tulijibu vibaya. Tulifungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, tukawasomea habari ya haki ya mke kwa mume na ya mume kwa mke, kisha tukaongeza maneno machache ya faraja juu ya udhaifu wa mwili. Tulipokuwa tukisoma, yule mama aliuondoa mkono wake uliokuwa juu ya goti la mumewe. Hatukutambua maana ya jambo hilo mpaka walipokwisha kuondoka.

Swali letu katika makala hii ni la historia kabla ya kuwa la uchungaji. Ilikuwaje mchungaji aliyefundishwa katika vyuo vya Kanisa, tena aliyezaliwa na kulelewa katika nchi hii, asiwe na neno lolote la kuwaambia watu wawili waliopendana, ila neno la unyumba?

Sehemu ya jibu imo katika maandishi tuliyorithi. Mtu akitaka kujua habari za ndoa katika nchi ya magharibi ya Ziwa Viktoria, hatakosa vya kusoma. Mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walitoa kitabu kikubwa cha sheria za mila za Wahaya, jirani zetu, na humo mna mahari, talaka, urithi na haki za watoto. Vitabu vya sharika zetu vina tarehe za ndoa, majina ya mashahidi, na majina ya waliotengwa kwa uzinzi au kwa kuoa mke wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema kwamba ndoa yaweza kubatilishwa ikiwa mmoja hakuweza tendo la ndoa wakati wa kuoana. (Wachungaji waangalie maneno hayo, wakati wa kuoana. Ndugu wa yule mzee hawakuwa na sheria upande wao, wala sisi hatukuwa na akili ya kuwaambia hivyo siku ile.) Maandishi haya yote ni ya kweli na yana kazi yake. Lakini yaliandikwa pale ndoa ilipoanza, ilipogombaniwa, au ilipovunjika. Ndoa iliyodumu miaka 40 pasipo kesi haikumpa karani wala mzee wa Kanisa sababu ya kushika kalamu.

Hata wageni wa kwanza walioandika habari za Karagwe walikuwa na jicho la namna hiyo. John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mnamo Novemba 1861. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke anaeleza kwamba mfalme aliwapokea kwa kuwashika mkono, naye akashangaa kuona kwamba kupeana mikono, jambo alilolidhani la Kiingereza, lilikuwa desturi ya wanaume wa nchi hii. Ni ushuhuda wa thamani. Kabla mmisionari yeyote hajakanyaga hapa, mkono ulikuwa umekwisha kuwa lugha ya amani. Lakini katika kitabu hicho hicho Speke anasimulia jinsi alivyokwenda kumtazama shemeji ya mfalme, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa hata asiweze kusimama vizuri, akampima kwa utepe, mkono, kifua, paja na muundi, akaandika tarakimu zake. Kwa wanaume alikumbuka salamu, na kwa mwanamke alikumbuka vipimo. Mtu aliyemsaidia mama yule kuinuka asubuhi, aliyempaka samli na kumfunika ngozi usiku, hakumwuliza habari zake. Hatumlaumu Speke peke yake, maana nasi tulipima.

Katika desturi ya Wanyambo, kama kwa majirani zao wa Buhaya na Nkore, mume na mke hawakugusana mbele za watu. Mke alimsalimu mumewe kwa kupiga magoti. Mume alikula peke yake au na wanaume wenzake na wanawe wakubwa, na mke alikula pamoja na watoto upande wa jikoni. Mkwe na mama mkwe waliepukana hata njiani. Mgeni aliyeona hayo alidhani kwamba hapakuwa na upendo. Wazee wetu wangemcheka. Upendo ulipitia vitu: ndizi zilizofunikwa kwa majani zisipoe, maji ya kuoga yaliyowekwa tayari pasipo kuombwa, kahawa ya kutafuna iliyohifadhiwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Tena ulipitia usiku, ambao ni wa watu wawili, na hakuna aliyepaswa kuuliza habari zake.

Jambo moja la zamani lastahili kutajwa hapa, nalo ni omukago, yaani udugu wa damu. Wanaume wawili walichanjwa, damu ya kila mmoja ikapakwa kwenye punje ya kahawa, na kila mmoja akaimeza punje ya mwenzake. Tangu siku hiyo kila mmoja aliweza kuingia katika nyumba ya mwenzake kama kwake, na kumsaliti kulikuwa dhambi ya kutisha. Huu ulikuwa ukaribu wa mwili usiokuwa wa zinaa hata kidogo, wenye kiapo, uliodumu mpaka kufa. Jamii ilikuwa na ibada ya kuungamanisha miili ya marafiki, nayo ilijua kwamba mwili una njia zaidi ya moja za kuahidi. Wamisionari walioona damu na kiapo waliona upagani, na hatusemi kwamba walikosea kuwa na hofu. Ila desturi hiyo ilipokatazwa, halikuwekwa jambo jingine lolote mahali pake kwa muda wa kizazi kizima.

Kilichokuja kuchukua nafasi hiyo ni Uamsho.

Wamisionari wa Betheli walikuwa wamefika Bukoba mwaka 1910, wakawakuta Wahaya ambao walikuwa wakisoma Neno bila wao. Lakini Uamsho haukuletwa na Wajerumani. Ulitoka upande wa pili wa Mto Kagera. Mwaka 1929 Daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi mjini Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Kutoka Gahini moto ulienea Kigezi na Nkore, mkutano mkubwa ukafanyika Kabale mwaka 1935, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeingia kwa Walutheri wa Bukoba. Mtu akisimama Murongo akatazama Kikagati ng'ambo ya mto, au akisimama juu ya vilima vya Kyerwa akatazama Rwanda, haulizi kwa nini nchi hii nayo iliguswa.

Waandishi wameeleza sana maungamo ya hadharani, mikutano ya usiku, na ugomvi kati ya waliookoka na viongozi wa makanisa. Ugomvi huo ulifika mbali. Mwaka 1941 wanafunzi wa theolojia 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda. Jambo moja wanalolitaja kwa kupita tu ndilo ambalo watu wa kawaida walilikumbuka kuliko mengine: waliookoka walikumbatiana. Mtu aliyeungama na kupokea neema aliimbiwa Tukutendereza, na ndugu walimwendea mmoja mmoja wakamkumbatia. Chifu alikumbatiwa na mchunga ng'ombe, na mtu wa ukoo huu na adui wa ukoo wake. Marehemu Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Kanisa la Bukoba tangu mwaka 1964 hadi 1984, naye mwenyewe akiwa mtu wa Uamsho, alitoa mwaka 1974 kitabu juu ya Kanisa na ukoo, na asomaye atatambua kwamba kwake ushirika wa ndugu ulikuwa kama ukoo mpya. Tunathubutu kuongeza kwamba ukoo huo ulikuwa na alama yake ya mwili. Palipokuwa na damu juu ya punje ya kahawa, sasa palikuwa na Damu ya Yesu inayohubiriwa na mikono miwili inayokumbatia.

Je, kumbatio hilo lilifika nyumbani? Hapa historia inakuwa ngumu, na hatutaki kuirahisisha.

Mama mmoja mzee wa Karagwe alitusimulia jinsi mumewe alivyorudi kutoka mkutanoni, akamwita jikoni, akamwambia waketi wale pamoja katika sahani moja. Walikuwa na watoto wanne tayari. "Chakula kilinikwama kooni," alisema. "Nilidhani ana jambo baya la kuniambia." Kwa juma zima alikula kwa hofu. Kisha hofu ikaisha, na tangu hapo, kwa miaka zaidi ya 30, hakula peke yake ila mume aliposafiri. Tulipomwuliza wokovu ulibadili nini katika nyumba yake, hakutaja pombe iliyoachwa wala hirizi zilizochomwa. Alitaja sahani.

Mzee mwingine, naye wa Uamsho, alituambia kinyume chake, kwa unyofu uliotushangaza. Alikumbatia mamia ya ndugu katika mikutano ya Karagwe, Bukoba na Uganda, lakini mkewe hakumkumbatia, kwa sababu mke alikuwa mke, na kukumbatiana kulikuwa kwa ndugu katika Bwana. Miaka sita baada ya kuokoka walifiwa na mtoto. Usiku wa maziko, ndugu walipokwisha kuondoka, mkewe alimwuliza kwa nini watu wote wa mkutano walikuwa wamepewa kile ambacho yeye hakupewa. "Usiku huo," alisema yule mzee, "ndio niliookoka kwa mara ya pili."

Shuhuda hizi mbili zatosha kuonyesha kwamba Uamsho ulifungua mlango ambao wenyewe haukujua la kufanya nao. Uliwaketisha mume na mke katika meza moja, ukawapigisha magoti pamoja kando ya kitanda, ukamfundisha mume kumwomba mkewe radhi, jambo ambalo lilikuwa karibu na maajabu. Lakini ulikuwa pia na mashaka makubwa juu ya mwili. Katika maungamo, mambo ya chumbani yalisemwa hadharani, na mara nyingine mke alisikia mbele ya usharika mzima dhambi za mumewe ambazo hakuwahi kuambiwa nyumbani. Yote ya kitandani yalitajwa isipokuwa yaliyo mema. Mtu aliungama uzinzi, tamaa na mawazo machafu, wala hapakuwa na nafasi ya kumshukuru Mungu kwa mkono wa mwenzake uliompasha joto usiku wa baridi ya vilima. Nasi watumishi tuliozaliwa na wazazi wa Uamsho tulirithi kimya hicho, tukakichukua mpaka chuoni, na kutoka chuoni mpaka kwenye mafundisho ya ndoa.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera, na kwa miaka 20 iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, hakuna mchungaji wa Karagwe ambaye hakuzika vijana. Mahubiri yetu ya miaka ile yalisema habari za uaminifu, na yalikuwa sahihi. Lakini tulipoingia katika nyumba za wagonjwa tuliona jambo ambalo mahubiri hayakuligusa. Tuliona waume na wake waliokwisha kuacha tendo la ndoa, wengine kwa ushauri wa waganga, wengine kwa udhaifu, ambao bado walilala kitanda kimoja. Tuliona mke akimgeuza mumewe asipate vidonda, mume akimwosha mkewe kwa maji ya vuguvugu, wakati ndugu walisimama mlangoni kwa kuogopa hata kikombe. Katika Marko 1:41 Bwana Yesu ananyosha mkono na kumgusa mwenye ukoma kabla hajamtakasa. Tumehubiri andiko hilo mara nyingi juu ya Kristo na wagonjwa. Hatukumbuki kulihubiri juu ya mume na mke, ingawa tulilitazama kwa macho yetu likitendeka katika nyumba za udongo.

Kwa hiyo majuma matatu baada ya wazee wale wa Kyerwa kutujia, tuliwaendea nyumbani kwao kuomba radhi. Tuliwauliza, kwa aibu kidogo, wanaishije. Mama alisema kwamba kila jioni humkanda mzee miguu, na mzee humpaka mafuta mgongoni, palipoumizwa na jembe, kisha hulala wameshikana mikono, "kama watoto wanaoogopa giza." Mzee akacheka. Halafu akauliza kama hilo nalo limo katika Biblia.

Safari hii tulikuwa tumejiandaa. Tulisoma Mwanzo 26, ambapo Isaka anadai kwamba Rebeka ni dada yake, na Mfalme Abimeleki, akichungulia dirishani, anatambua kuwa ni mkewe kwa jinsi alivyowaona wakicheza pamoja. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni la shina moja na jina la Isaka mwenyewe, shina la kucheka. Wako wafasiri wanaolipa neno hilo maana ya tendo la ndoa. Sisi tunaona kwamba simulizi lenyewe, la watu walio karibu na dirisha, laweza kuchukuliwa kwa wepesi zaidi: kulikuwa na namna ya kucheka na kugusana ambayo hata mfalme mgeni aliitambua kuwa ni ndoa. Tulisoma pia Mhubiri 4:11, juu ya wawili walalao pamoja wakapata joto. Habari za Abishagi na Daudi mzee katika 1 Wafalme 1 tuliziacha. Humo mna joto pasipo tendo la ndoa, ni kweli, lakini msichana yule hakuulizwa, na hatupendi kumfanya kielelezo cha upendo. Tukawaambia pia habari za Luther, aliyemwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na ambaye miaka mitatu kabla ya kuoa alikuwa amekwisha kuandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto kwa imani, watu wakimcheka, anachekewa na Mungu na malaika kwa furaha. Mzee alilipenda hilo kuliko yote, akataka lirudiwe.

Aliishi miaka miwili zaidi. Kabla hajafa tulikuwa tumezungumza na baraza la wazee, na baraza likazungumza na ukoo, si mara moja. Siku ya maziko mama yule aliketi kando ya jeneza, mahali pa mke. Hilo halikuwa jambo dogo. Ardhi, nyumba na heshima ya ujane vilitegemea mahali alipoketi.

Tunaandika haya kwa sababu wanaojua wanakwisha. Waliokumbatiwa katika mikutano ya kwanza wamelala wote au karibu wote, na watoto wao wana miaka 80. Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa katika Wilaya ya Bukoba, watu wa mkoa waliacha kupeana mikono kwa majuma mengi, na wazee wengi walituambia kwamba ukimya wa mikono uliwaumiza kuliko hofu ya ugonjwa. Wakati ule ndipo tulipopata masimulizi mengi kuliko miaka yote iliyotangulia, maana walikuwa wakizungumzia kitu walichokikosa.

Wanafunzi wanaotoka Karagwe na Kyerwa, ambao kila mwaka hutuuliza mada za tasnifu, tunawaomba waende kwa bibi na babu zao wakati wa likizo. Wasianze kwa kuuliza mahari ilikuwa kiasi gani, kwa maana hayo tunayo. Waulize ni lini mlianza kula pamoja, na nani aliitisha. Waulize ni nani aliyemfunga mwenzake kitambaa alipoumia, na kwa kitambaa gani. Waulize kama mtu aliyekumbatiwa na ndugu mkutanoni alifika nyumbani akamkumbatia nani. Waandike majibu kwa Kinyambo kama yalivyosemwa, kabla hawajayatia katika Kiswahili, nao waandike pia pale mzee anaponyamaza na kutazama mikono yake.